Kombaini Inapozima

Nakuandikia wewe uliyeamka leo asubuhi ukiwa umechoka kuliko ulivyokwenda kulala. Kichwa kinagonga, mdomo umekauka kama ulilala umejaza makapi ya ngano, na tayari kuna mtu amekuita mvivu kabla hujanawa uso. Mimi niliitwa hivyo kutoka mavuno hadi mavuno. Kwa hiyo naanza na maneno ambayo wakati ule sikupata wa kumwambia: sikuwa mvivu. Nilikuwa nakabwa koo kila nilipolala, na aliyenikaba alikuwa mwili wangu mwenyewe.

Wenzangu ambao huwa tunasomeana tunachoandika waliniambia kukoroma si jambo la kuandikwa, hasa na mwanamke. Wakanishauri niandike juu ya mlima. Mlima Hanang upo, haujaenda popote, na anayeutaka ataukuta palepale. Mimi naandika juu ya koo.

Nilikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia, kwenye shamba la ngano la serikali, kule tambarare za Hanang. Wanawake waliokalia viti vile walikuwa wachache mno, na kila mmoja wetu alijua kwamba kuna mtu chini anasubiri ateleze. Nilizaliwa Endagikot, karibu na Mbulu mjini, kwenye shamba la mahindi na maharage ambalo mtu angeweza kurusha jiwe likalivuka. Siku ya kwanza nilipopanda ngazi ya kombaini nikaiona ngano ikienda, ikienda, mpaka inagusana na mbingu, nilihisi mabega yangu yamepata nafasi. Upepo ulikuwa unailaza na kuiinua kama mkono unaopapasa mgongo wa mnyama. Kiti kile nilikipenda kama wengine wanavyopenda watu.

Kambini nililala chumba kimoja na dada Eliza, mpishi wa kantini, mwenyeji wa Mogitu, mwanamke wa mikono mipana na ulimi mkali. Ni yeye aliyenibatiza upya. Asubuhi moja, watu wakiwa kwenye foleni ya uji, alitangaza kwamba chumbani kwake hakuna haja ya kengele kwa sababu kuna kombaini. Akaigiza. Aliiwasha kwa koo lake, ikanguruma, ikapanda kilima, halafu akanyamaza ghafla, macho yamemtoka, mwiko uko hewani.

"Imezima," akasema.

Watu wakasubiri. Yeye naye akasubiri, akiwatazama mmoja mmoja. Kisha akaiwasha tena kwa kishindo, na foleni nzima ikamwaga uji kwa kucheka. Toka siku hiyo jina la Paskalina lilibaki kanisani. Shambani niliitwa Kombaini.

Nilicheka nao. Kwetu anayekoroma ni mtu aliyeshiba na kulala vizuri. Nyumbani kukoroma tulikurithi kama wengine wanavyorithi pua. Babu, baba yake Baba, alikoroma mpaka ng'ombe waliolala naye ndani ya nyumba wakazoea, wakawa hawatikisi hata sikio. Na Baba alipenda kusimulia jinsi mzee alivyojilaza mchana mmoja baada ya kula, akakoroma vizuri, asiamke. Wazee wote walisema kwamba kufa hivyo ni kufa kwa mtu mwema. Nililelewa na kifo kile kama watoto wengine wanavyolelewa na hadithi ya arusi ya wazazi wao.

Sikujua ni lini usingizi ulianza kunifuata mchana. Ulikuja taratibu, kama ukungu unavyoshuka Endagikot, unaona mti wa mbali umepotea, kisha wa karibu, kisha mkono wako. Nilianza kusahau majina. Nilimfokea Eliza kwa sababu ya chumvi. Mwili wangu, ambao siku zote ulikuwa mwembamba kama bua, ukaanza kujaa shingoni na kiunoni ingawa chakula kilikuwa kilekile. Niliamka na kichwa kizito upande wa mbele, kikaja kuwa chepesi saa nne, na ilipofika saa nane mchana kope zangu zilikuwa milango isiyo na komeo.

Mavuno yalikuwa yamefika katikati nilipolala juu ya mashine. Injini inaunguruma, jua linachoma bati, vumbi kila mahali, na mimi nimelala. Niliamshwa na mtikisiko. Kombaini ilikuwa imeacha mstari wake, imekata ngano kwa mshazari na kusimama imeinamia ukingo wa korongo. Hatua chache mbele ardhi ilikuwa imekwisha.

Sikuumia. Lakini nyuma yangu ulibaki mstari. Ukisimama barabarani ungeuona: ngano imekatwa sawasawa, sawasawa, halafu kovu refu lililopinda mpaka korongoni. Watu walikuja kuutazama siku ya Jumapili baada ya misa.

Msimamizi wetu, Bwana Amsi, hakunipigia kelele. Alinishusha, akaniambia niende hospitali nikapimwe malale. Na hilo ndilo kosa ambalo pengine lisingetokea kwingine. Kwenye tambarare zile, ukilala mchana hakuna anayeuliza swali la pili. Mbung'o wapo, wafugaji wamepoteza ng'ombe kwa sababu yao, na wazee wanakumbuka watu waliosinzia mpaka wakafa. Jina lilikuwa tayari linanisubiri. Kantini watu walianza kusogeza sahani zao, ingawa malale hayaambukizi kwa sahani.

Ukumbi wa kusubiri wa hospitali ya misheni una mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya wagonjwa wa miaka yote. Nilikaa karibu na bibi mmoja wa jamii ya wafugaji, amevaa ngozi laini na bangili za shaba hadi kwenye kiwiko. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Kabla hajaitika nilikuwa nimelala. Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa begani kwake na mate yangu kwenye ngozi yake. Jua lilikuwa limehama dirisha. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba bibi yule aliitwa jina, akainua mkono kuonyesha apitishwe mwingine, asije akaniamsha. Nilijifuta, sina pa kuficha uso. Yeye akanitazama kana kwamba salamu ndiyo kwanza inamfikia.

"Marahaba," akasema.

Kama na wewe unapitia haya, watu wa namna hiyo watakutokea. Usione haya kuegemea.

Walinitoa damu kidoleni, wakaniingiza sindano mgongoni kuchukua maji ya uti wa mgongo, nikaambiwa nilale bila kuinuka. Nilicheka kwa uchungu: ndilo agizo pekee nililoweza kulitii bila kujitahidi. Siku niliyorudi kuchukua majibu niliambiwa sina malale. Sina malaria. Damu inatosha. Wala si mjamzito, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeuliza.

Nilipaswa kufurahi. Nilirudi kwa Bwana Amsi, nikamweleza. Alivua kofia, akaikung'uta vumbi polepole.

"Ugonjwa una jina, binti. Kama hauna jina, huo ni uvivu."

Akanipeleka ghalani kushona magunia. Kama ningeonekana nimelala tena, hata huko, ningerudishwa Endagikot moja kwa moja. Na mavuno mengine yakianza nikiwa bado ghalani, kiti changu angepewa mtu mwingine na mimi nisirudi kukiuliza.

Mvua zikaja, mbegu zikaingia ardhini, na mimi nikaishi na shazia, ile sindano nene ya magunia. Nilijaribu kila kitu. Niliweka pilipili ulimini. Nilishona nikiwa nimesimama. Nilikwenda kulala mapema kama kuku, na kadiri nilivyolala zaidi ndivyo nilivyochoka zaidi, mpaka nikaanza kuuogopa mkeka wangu. Niliporudi nyumbani kusalimia, Baba aliniambia kwa upole kwamba kazi ya mashine inataka damu ya kiume, na si aibu kurudi shambani kwa mama yako. Upole ule uliniuma kuliko kofia ya Bwana Amsi. Nilimjibu kwamba nitarudi Endagikot siku nitakayoshindwa kupanda ngazi, si siku nitakayoambiwa nimeshindwa. Mama aliinamisha uso kwenye sufuria. Sikujua anacheka au analia.

Ngano ilikuwa imefika magotini niliposhona kiganja changu. Nililala nimeshika shazia, na uzito wa mkono ukamalizia kazi. Eliza ndiye aliyetoka jikoni mbio, akaufunga mkono kwa kanga yake, tukapakiwa kwenye trekta hadi hospitali ileile, benchi lilelile. Tukasubiri. Nikalala.

Nilichosimuliwa ni hiki. Daktari, mama wa makamo ambaye nilikuwa sijamwona safari ya kwanza, alikuwa anapita na sinia la vifaa akasikia ninavyokoroma. Akasimama. Ukumbi ukaanza kucheka, kama ukumbi wowote. Kisha nikanyamaza, kicheko kikaisha, na yeye akabaki amesimama mpaka nilipoanza tena. Ndipo akatuingiza ndani mbele ya wengine.

Alipokuwa anashona kiganja aliniuliza kama mkoromo wangu hukatika. Nikasema sijui, mimi huwa nimelala. Akamgeukia Eliza.

Eliza akaona amepata jukwaa. "Huyu, Daktari, ni kombaini kabisa. Anawaka, ananguruma, anazima. Halafu anawaka tena kwa kishindo."

"Anazima?" Daktari aliacha uzi. "Akizima, kifua kinafanya nini?"

"Kinahangaika. Tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haipiti."

"Anazima kwa muda gani?"

Ulimi wa Eliza ulikuwa umeishiwa ukali. Akatazama mikono yake mipana.

"Nikianza Salamu Maria akizima," akasema, "nafika Amina bado hajawaka. Kuna siku nilianza ya pili."

Nilimgeukia. Miezi yote ile nilidhani ananicheka. Nikamuuliza kwa nini alikuwa anasali.

"Nilidhani ipo siku hutawaka, Paska," akasema. "Sasa ningesemaje? Nikwambie unakufa kila siku, na asubuhi unaamka unadai uji? Nikaona bora niwachekeshe watu, labda mmoja wao atauliza."

Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa na neno lenyewe midomoni, foleni nzima ya uji, na tulilitumia kuchekea.

Daktari alinipanua mdomo, akamulika kwa tochi, akaguna. Mafindofindo yangu yalikuwa makubwa kiasi kwamba yamekaribia kugusana. Alisema nikiwa macho koo linajishikilia wazi, lakini nikilala linalegea na njia inaziba. Mwili unakosa hewa, unastuka, unaniamsha kidogo tu, navuta pumzi kwa kishindo, nalala tena, na asubuhi sikumbuki lolote. Usiku mzima hivyo. Si kila anayekoroma anaugua, akasema, lakini anayekoroma kisha akazima, na mchana anasinzia, huyo aletwe.

"Kwa hiyo binti yangu, wewe hulali sana," akamalizia. "Hulali kabisa."

Nililia. Si kwa woga. Nililia kama mtu aliyesingiziwa wizi halafu ng'ombe akapatikana.

Aliniandikia kwenda hospitali kubwa ya rufaa kukatwa mafindofindo. Wakati nasubiri, nisilale chali hata kidogo. Eliza akatafuta dawa yake: alichukua gunzi la mahindi, akalishonea nyuma ya gauni langu la kulalia, katikati ya mgongo. Nikigeuka chali, gunzi linanichoma, narudi ubavuni. Cheka ukitaka. Lakini tangu wiki ile kichwa changu kilianza kuwa chepesi asubuhi, na Eliza akasema usiku anasali Salamu Maria chache tu.

Vita ilikuwa nyumbani. Baba hakutaka kusikia kwamba binti yake anakwenda kulazwa nusu kaputi na kutiwa kisu kooni kwa sababu anakoroma. Shangazi alikuja kutoka Endasak akasema kama tatizo ni koo, kijijini kwao yupo fundi wa kukata kimeo, anakata watoto na watu wazima, na jioni unakula ugali. Nilimshukuru shangazi, nikamwambia koo langu halitaguswa na wembe wa mtu yeyote anayefanyia kazi yake uani. Baba akasema namkosea heshima shangazi. Akasema sote tunakoroma, na hakuna aliyewahi kufa kwa kukoroma.

Mama alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa. Nilijua nikisema nitavunja kitu ambacho hakitaungika. Nikasema.

"Baba, babu hakufa kwa amani. Alizima."

Baba alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa fimbo akiwa katikati ya mto. Kisha akasimama, akatoka, akaenda kusimama kwenye zizi na kukaa huko mpaka ng'ombe wakaingia. Mama aliniambia nilipaswa kumwachia mzee baba yake. Labda. Lakini nilikuwa nimekataa kufa vizuri. Nilitaka kuishi, hata kama ni vibaya, hata kama ni kwa kelele.

Asubuhi ya safari lori la ngano lilinisubiri barabarani. Nilimkuta Baba amekaa mbele karibu na dereva, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote, mfuko wangu magotini. Nilimwamkia, akaitika.

Kuhusu kukatwa sina mengi. Unahesabishwa kwa sauti, na namba zinayeyuka. Ukiamka, koo ni kaa la moto, na ukimeza mate unajua kila njia yanayopita. Unakunywa maziwa baridi na uji uliopoa. Masikio yanauma, na hakuna anayekuambia mapema kwamba masikio yatauma, basi nakuambia mimi. Kwenye wodi ile nilikaa na mama aliyeshonwa shavu na msichana aliyeondolewa uvimbe, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeweza kuongea, tulikuwa majirani wazuri sana.

Mchana mmoja, uvimbe ulipokwisha kushuka, nililala. Nikaota. Nilikuwa nimesahau kwamba watu huota. Niliota naendesha, na ngano haina mwisho, na hewa inaingia kifuani mwangu kama maji yanavyoingia shambani. Nilipofumbua macho, Baba alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, amekaza mikono kwenye magoti. Midomo yake ilikuwa inasogea. Nikatambua alichokuwa anasali: Salamu Maria.

"Nimekaa hapa toka ulipolala," akasema. "Nasubiri uzime."

Nikamtazama.

"Hukuzima," akasema, na akauficha uso wake kwa kofia.

Nilirudi kambini ngano ikiwa imegeuka rangi. Bwana Amsi alisoma cheti, akakiri kwamba sasa jina lipo, akanipa pole ya kweli. Halafu akasema, kwa usalama, nibaki ghalani mavuno haya pia. Nikamwambia hapana. Sauti yangu ilikuwa bado nyembamba na mpya, nikaona haya kuisikia ikikataa, lakini ilikataa. Nikamwomba anipe kipande kilekile, cha kando ya korongo, mchana uleule wa saa nane, na yeye akae nami juu. Nikisinzia hata mara moja nitashuka mwenyewe na kupanda basi la Mbulu.

Alivua kofia, akaikung'uta. Kisha akasema, "Panda."

Nikapanda. Eliza na watu wa kantini walikuwa wamesimama barabarani na mwiko ule ule. Jua lilikuwa linachoma bati, vumbi kila mahali. Tulikata ngano mpaka ukingoni, nikageuza, tukarudi. Tukakata tena. Bwana Amsi alikuwa anayatazama macho yangu toka tulipoanza, na mimi nilikuwa nimeyafungua kama madirisha ya nyumba iliyoezuliwa. Tulipofika mwisho aligeuka akatazama nyuma. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa na fundi. Alishuka, akaniacha na mashine.

Kwa hiyo, wewe uliyechoka, usimuulize mtu kama unakoroma kwa sauti. Muulize kama unanyamaza. Muulize anayelala karibu nawe, mkeo, mumeo, dada yako, yule anayekucheka kuliko wote, kwa sababu huenda anakucheka kwa kuwa anaogopa. Na kama ni wewe unayemsikia mwenzako akizima, usingoje mtu kwenye foleni aulize. Sema.

Jumapili Baba anajilaza barazani baada ya kula, pale pale alipolala babu. Ananguruma, na wajukuu wanacheka. Lakini nyuma ya shati lake Mama ameshonea gunzi la mahindi, na Baba analilaani kila anapogeuka, na analivaa. Daktari yule amekwisha kumwona. Akizima, kuna mtu wa kumsukuma, na hatuulizani tena ni zamu ya nani.

Mimi bado naitwa Kombaini. Nimekataa jina lifutwe. Ila siku hizi nikizima ni kwa sababu jioni imefika, mstari umekwisha, na ufunguo nimeugeuza mimi.